Kuchagua Mtumbwi wa Kwendea Mawindoni

(Somo lililosemwa katika redio kwa madarasa ya watu wazima ya Korogwe na Handeni. Walimu wa madarasa: wekeni tayari karai kubwa la maji, chupa tupu yenye kizibo, sinia, kijiti kilichonyoka, na mawe mawili yaliyo sawa, kila moja la ukubwa wa ngumi ya mtoto.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari yake na kalamu yake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: MTUMBWI, KAFI, PONDO. Someni pamoja mara mbili. Mtumbwi mnaujua. Kafi ni kile kibao chenye mpini ambacho mtu hukishika mikononi akapigia maji. Pondo ni mti mrefu wa kusukumia chombo mahali penye maji machache.

Najua katika darasa la Mpale wako watakaocheka. Watasema, "Bwana huyu amepotea njia. Sisi twakaa juu milimani Usambara, chombo chetu ni miguu yetu." Ni kweli, na ndiyo sababu nimelichagua somo hili. Mtu aliyezaliwa Pangani mjini, au kando ya mto Rufiji, alijifunza mtumbwi angali mtoto. Yeye hana haja ya redio. Lakini mtu wa milimani huteremka bondeni akiwa mtu mzima, ana leseni yake mfukoni au wavu wake begani, akaona mtumbwi umefungwa ukingoni, akalipa fedha, akapanda. Hakuutazama, wala hakujua atazame nini. Na mto haumwulizi mtu ametoka wapi.

Mto wetu mkubwa ni Pangani, ambao wengi huuita Ruvu. Maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hushuka yakipita mabonde yenye matete, hufika Korogwe, hupita Hale penye mitambo ya umeme, mpaka baharini. Ziko sehemu katika mabonde yale ambazo huwezi kuzifikia kwa miguu ila kwa kuzunguka mwendo mrefu, maana tope litakufika magotini na matete yatakukata uso. Mwenye mtumbwi hupita kimya, akashuka ng'ambo, akaanza kazi yake hali hajachoka.

Kabla sijaendelea, neno moja la sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda pasipo leseni. Leseni hutaja mnyama gani, wangapi, na mahali gani. Basi asije mtu akasema, "Redio imetuambia tununue mtumbwi tukawinde." Redio yasema juu ya mtumbwi. Ruhusa ya kuwinda utaiomba kwa Afisa Wanyamapori. Na yeye aendaye kuvua samaki, naye ana leseni yake ya uvuvi. Kwa habari ya mtumbwi, mwindaji na mvuvi ni ndugu, wote wawili hutoka wepesi na hurudi wazito.

Hayo maneno ya mwisho, kutoka wepesi na kurudi wazito, nataka yakae kichwani mwenu somo zima.

Sasa tutazame kwa nini mtumbwi hupinduka. Mwalimu, tia chupa tupu katika karai, ilale juu ya maji. Mwanafunzi mmoja aiguse kwa kidole. Mwaona? Yazunguka tu, haina upande. Sasa itoe, uweke sinia juu ya maji. Iguseni ukingoni kidogo. Inalala upande, kisha yarudi mahali pake. Chupa ni mfano wa mtumbwi mwembamba wenye tumbo la mviringo kama gogo lilivyotoka porini. Sinia ni mfano wa chombo kipana chenye kitako bapa.

Sinia iwe bado katika maji. Weka jiwe moja katikati yake. Bado imetulia, pengine imetulia kuliko kwanza. Sasa ondoa jiwe, ulifunge juu ya kijiti, ukisimamishe kijiti katikati ya sinia na kukishika kwa kidole, kisha uachie. Yamekwisha! Jiwe ni lile lile, uzito ni ule ule, lakini likiwa chini lilisaidia, na likiwa juu limepindua. Mtu aliyekaa chini katika mtumbwi ni jiwe la kwanza. Mtu aliyesimama ni jiwe la pili.

Basi mambo ni mawili: upana wa chombo, na uzito kukaa chini. Nitasema kwanza juu ya upana, kwa sababu hapo ndipo mnunuzi hudanganyika. Mtu huona mitumbwi miwili, mmoja una upana wa sentimita 60, wa pili sentimita 75. Husema, "Tofauti ni vidole tu, nitachukua ule wa bei nafuu." Wanaojua hesabu za vyombo watuambia kwamba nguvu ya upana katika kuzuia chombo kisilale haikui kidogo kidogo. Upana huzidishwa kwa wenyewe, kisha ukazidishwa tena. Wale mliofika hesabu za kuzidisha, andikeni: 60 mara 60 mara 60, jibu ni 216,000. Kisha 75 mara 75 mara 75, jibu ni 421,875. Mwaona? La pili karibu ni mara mbili ya la kwanza. Urefu ukiwa sawa, zile sentimita 15 zimekaribia kuongeza nguvu hiyo maradufu. Kwa hiyo nendeni kununua na futi kamba mfukoni. Pima katikati, mahali palipo papana, na pima kule chini maji yanapogusa. Mitumbwi mingine ni mipana mdomoni na myembamba chini kama kikombe. Ule wa mdomoni ni upana wa kuuza.

Sasa tuje katika uzito. Tuufanye mtumbwi kuwa kama sanduku, urefu mita 4, upana sentimita 75. Kila kilo 30 utakazotia ndani zitalizamisha sanduku hilo sentimita 1. Wawindaji wawili wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 120. Chakula, panga, maji ya kunywa, bunduki na vyombo vingine, tuseme kilo 30. Jumla 150. Sanduku limezama sentimita 5. Kama ukingo wake ulikuwa sentimita 28 juu ya maji lilipokuwa tupu, sasa umebaki 23. Pimeni shubiri zenu kwa rula. Shubiri ya mtu mzima ni kama hapo. Shubiri moja kamili ya ukingo mkavu ni salama kwa mto uliotulia, nami nisingependa mtu aende na pungufu yake.

Haya, wamekwenda, Mungu amewajalia, wamepata tohe wawili, kila mmoja kilo 60. Mtumbwi umelowa, na maji yaliyovuja na kudondoka ndani ni lita 30, yaani kilo 30. Jumlisheni: 150, na 120, na 30. Ni kilo 300. Sanduku limezama sentimita 10, ukingo umebaki 18. Shubiri haifiki. Tena mtumbwi wa kweli una ncha mbele na nyuma, basi huzama zaidi ya sanduku letu. Na hao watu wamechoka, jua lashuka, upepo wa jioni umeanza, na kiboko wanatoka majini kwenda malishoni. Mtumbwi ni ule ule uliowapeleka salama asubuhi.

Ndiyo maana nasema mtu anunue mtumbwi kwa kupima safari ya kurudi. Muuzaji atakuonyesha mtumbwi mtupu unavyoelea vizuri. Kila mtumbwi mtupu huelea vizuri.

Yale maji ya ndani niliyoyataja, msiyadharau kwa kuwa ni lita 30 tu. Nyama ukimfunga hukaa alipofungwa. Maji hayafungiki. Chombo kikilalia kushoto, nayo hukimbilia kushoto, yakaongeza uzito pale pale pasipotakiwa. Kata ya kufulia maji ni chombo cha lazima kama kafi. Ukate dumu la zamani, ulifunge kwa kamba lisipotee.

Sasa, aina gani ya chombo inafaa? Watu wa pwani wana ngalawa, yaani mtumbwi wenye mbao mbili za pembeni zilizofungwa kwa miti, moja kila upande, zikiuzuia usipinduke. Ni akili ya zamani sana. Vyombo vya namna hiyo viko Bukini na mpaka visiwa vya Indonesia, na ndugu zetu wa pwani huenda navyo baharini penye mawimbi makubwa. Lakini mtu asiichukue ngalawa kuja nayo katika matete ya bondeni. Zile mbao za pembeni zitanasa kila mahali, na mwisho mtazikata mkawa na mtumbwi mwembamba usio na msaada wowote. Kwa mawindo ya mtoni na mabwawani, yafaa mtumbwi wa gogo uliochongwa vizuri, ama chombo kidogo cha mbao chenye kitako bapa.

Mtumbwi wa gogo una sifa moja kubwa: ni kipande kimoja, hauna maungio. Ukigonga mzizi hauachani. Tena mtumbwi wa mti mwepesi kama mwembe, hata ukijaa maji, kwa kawaida utaelea, nanyi mtapata cha kushika. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuwa mpana kuliko mti uliozaa. Miti minene imekuwa haba, na kuukata bila kibali ni kosa. Kwa hiyo mitumbwi mingi ya siku hizi ni myembamba kuliko ile ya babu zetu, na hapo ndipo chombo cha mbao kinaposhinda, maana fundi hukipa upana autakao. Kasoro yake ni maungio. Lazima yatiwe kalafati, yaani pamba iliyolowa mafuta na kusokomezwa katika kila mwanya, na kazi hiyo hurudiwa kila inapolegea. Mimi ningeshauri mtu wa milimani, ambaye hana mazoea ya maji, achukue cha mbao chenye kitako bapa, kisichozidi mita 4 au 5, ili watu wawili waweze kukivuta nchi kavu. Viko pia vyombo vya plastiki ngumu na vya faiba. Ni vizuri, lakini bei yake ni ya mtu mwingine.

Jambo moja juu ya kitako bapa: kimetulia katika maji yaliyotulia. Katika mawimbi makubwa hufuata mgongo wa wimbi na kulala nalo. Basi upepo ukivuma, hasa katika bwawa pana kama Nyumba ya Mungu, nenda ukingoni ungoje.

Tuseme sasa kijana mmoja ameteremka toka Mpale, amefika kwa mzee mwenye kuuza. Sikilizeni mazungumzo yao, kisha mwalimu atawachagua wawili wayasome.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za huko mlimani?"

"Njema, mzee. Nimeambiwa unao mtumbwi."

"Ninao. Ule pale, mwepesi kama unyoya, hata mtoto ausukuma."

"Naomba kuugeuza nione chini yake."

"Chini kuna nini, mwanangu? Mtumbwi ni juu."

"Mzee, maji yako chini."

Kijana huyu ana akili, tena ameshika adabu. Ameugeuza. Atazame nini? Apapase kitako chote kwa kiganja. Agonge kwa kifundo cha kidole toka mbele mpaka nyuma. Mti mzima hutoa sauti kali. Mahali palipooza sauti hufifia. Penye mashaka achome kwa ncha ya kisu. Ikiingia bila nguvu, pameoza. Atazame sana ncha mbili, kwa kuwa gogo hupasuka kuanzia mwisho wake. Akiona kipande cha bati kimepigiliwa, aulize kinaficha nini, na asiridhike mpaka kimefunuliwa. Kisha apime unene. Mtumbwi mzuri ni mnene chini na mwembamba mbavuni, kwa sababu ile ile ya jiwe letu. Wenye mbavu nene na kitako chembamba umechongwa na mtu mwenye haraka.

"Sasa, mzee, naomba tuutie majini hapa kwenye maji ya magoti."

"Hutaki kuniamini?"

"Nakuamini, mzee wangu. Nataka kuuamini na mtumbwi."

Majini autazame kwanza ukiwa mtupu. Je, umekaa sawa, au umelala upande? Uliopinda toka shambani hauponi. Kisha aingie, akae chini katikati, autikise kidogo kwa kiuno. Mtumbwi mtulivu hulala kidogo, hukaza, kisha hurudi. Mtumbwi mbaya hulala na kuendelea kulala kana kwamba umesinzia. Kisha jambo ambalo wanunuzi wengi huona haya kulifanya: atie mawe au mifuko ya mchanga mpaka kufikia mzigo wa kurudi, kilo 300 zetu au hesabu yake mwenyewe, apime shubiri, autikise tena. Akae humo muda wa robo saa, atazame maji yanaingia wapi. Mzee akikasirika, basi. Fedha bado ziko mfukoni.

Mkiisha kuununua, zamu ni ya kupakia. Mzigo mzito uwekwe chini kabisa katikati, ufungwe. Watu wakae chini, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa mbele asisimame kutazama mnyama, na wa nyuma akisukuma kwa pondo apige magoti kama maji yanaruhusu. Hapa nina maneno na wawindaji. Bunduki ikipigwa kutoka katika mtumbwi mwembamba kuelekea ubavuni, humsukuma mpigaji upande wa pili, na mwenzake hushtuka akainama kutazama. Uzito wa watu wawili umehama kwa mara moja. Mtumbwi ni wa kukufikisha; ukifika, shuka, uwinde ukiwa juu ya ardhi.

Uzito kuhama si hatari ya mitumbwi peke yake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, watu wakijiandaa kushuka. Kilikuwa kimepakia watu wengi kupita kiasi chake. Watu zaidi ya 200 walikufa, hali nchi kavu waliiona kwa macho. Kile kilikuwa chombo cha chuma chenye injini. Sisi tuna gogo.

Kila mtu awe na jaketi la kuokolea maisha, na alivae. Likiwekwa chini ya kiti halisaidii kitu. Asiyeweza kulinunua afanye shauri la pili: madumu mawili matupu ya lita 20, yafungwe vizuizi vyake barabara, moja mbele na moja nyuma ndani ya mtumbwi. Kila moja litabeba karibu kilo 20 mtumbwi ukijaa maji. Mkipinduka, shikeni mtumbwi, msiuache kwa kutamani ukingo ulio karibu kwa macho tu.

Kiboko mnamjua kwa jina. Mchana hupumzika katika vidimbwi virefu, jioni hutoka kwenda kula majani, alfajiri hurudi. Mkiona njia iliyokanyagwa ikishuka majini, msiweke mtumbwi hapo. Mkipita mahali mnapomshuku, gongeni ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi pole pole, ili ajue mnakuja na ainue kichwa mumwone. Msipite kati yake na maji marefu, kwa maana huko ndiko akimbiliako. Na mamba, msining'inize mikono.

Mwisho, mto wenyewe. Wakati wa masika maji hushuka na magogo. Hata kiangazi kina chaweza kubadilika, kwa kuwa maji ya Nyumba ya Mungu hufunguliwa na kupunguzwa na watu. Ulizeni wenyeji wa ukingoni kila safari, hata kama mlipita juma lililopita. Na huko chini kuelekea Hale, penye maporomoko na milango ya maji ya mitambo, asiende mtu na mtumbwi kabisa.

Kazi ya nyumbani. Wale wanaoanza kusoma, andikeni majina ya vitu vitano vya kuwa navyo ndani ya mtumbwi. Wale wa hesabu, fanyeni hii: sanduku la mita 4 kwa sentimita 75, ukingo wake mtupu ni sentimita 30. Wanapanda watu watatu wa kilo 60, wana vyombo vya kilo 30, wanarudi na samaki kilo 90. Ukingo umebaki sentimita ngapi? Kisha kila mtu alinganishe jibu lake na shubiri yake mwenyewe, aseme kama angepanda.

Juma lijalo tutasoma leseni ya kuwinda mstari kwa mstari: jina, tarehe, mnyama na eneo. Kwa herini.